Wembe Katika Hewa ya Chumvi

Ukiishi Tanga unakijua chuma kwa kutu yake. Bati, mnyororo wa baiskeli inayolala barazani, bawaba za mlango wa uani, hata msumari uliopigiliwa majuzi, vyote hubadilika rangi kabla hujavizoea. Upepo wa bahari, uwe wa kusi au wa kaskazi, hauji mikono mitupu. Unakuja na chumvi. Sasa chukua kipande cha chuma chembamba kuliko vyote vilivyomo nyumbani, unene wake kama sehemu moja ya kumi ya milimita, kilowanishe kila baada ya siku mbili, kipake povu la sabuni, kisha kiache kwenye dirisha la bafu. Halafu ulalamike kwamba nyembe za siku hizi ni feki.

Malalamiko hayo nayasikia kila wanapokaa wanaume, na ndiyo yaliyonifanya niandike. Wembe wa dukani, ule wa makali mawili unaouzwa mmoja mmoja ukiwa umefungwa kwenye karatasi, ndiyo njia nafuu kuliko zote ninazozijua ya mwanamume kubaki na uso safi. Ukifa mapema, mara nyingi tumeuua sisi wenyewe. Na wengi wanaojisifu kubana matumizi kwenye kunyoa wanabana pale ambapo hela haipo.

Tupige hesabu kwanza, maana bila hesabu haya ni maneno ya kijiweni. Chukua mtu anayenyoa ndevu mara tatu kwa wiki, yaani kama mara 156 kwa mwaka. Akienda kwa kinyozi na kulipa, tuseme, shilingi 2,000 kila akikaa kitini, mwaka unamgharimu 312,000. Akinunua nyembe za plastiki za kutupa, tuseme 1,000 kila mmoja na kila mmoja umtoshe mara tatu, atamaliza 52, na hiyo ni 52,000. Akiwa na mashine ya chuma ya kizamani, ile yenye kishikio na kichwa kinachofunguliwa, akaweka wembe wa shilingi 200 na kuunyolea mara nne, atahitaji nyembe 39. Ni shilingi 7,800. Bei za mtaani kwako zinaweza kuwa nyingine, weka zako, utaona picha haibadiliki sana. Hata kama mashine yenyewe utainunua kwa elfu 30, itakuwa imerudisha fedha yake kabla ya mwaka kwisha.

Hebu itazame tena hiyo 7,800. Mtu akijitesa mpaka kila wembe ufike mara nane badala ya nne, ataokoa shilingi 3,900 kwa mwaka mzima. Hiyo ndiyo fedha anayoipigania yule anayenyolea wembe uleule tangu mfungo mosi hadi mfungo sita, uso umemvimba kama aliyeumwa na siafu. Tyubu moja ya dawa ya vipele inaweza kuimeza yote na kudai chenji. Akiba kubwa aliipata siku alipoachana na nyembe za plastiki. Baada ya hapo kilichobaki ni kuutunza wembe ili zile mara nne au tano ziwe nzuri zote, siyo ya kwanza tu.

Kwamba tulisahauje kitu cha bei hii ni habari ya biashara. Mmarekani King C. Gillette alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige, ya mashine yake mwaka 1904, na mhandisi aliyehangaika mpaka chuma chembamba kikakubali kunolewa alikuwa William Nickerson. Watu husimulia kwamba Gillette aligawa vishikio karibu bure ili auze nyembe. Mwanzoni haikuwa hivyo. Mashine yake ya kwanza iliuzwa dola 5, fedha nyingi kwa mfanyakazi wa siku zile. Mwaka 1921 hataza zilipokwisha na kila mtu akawa na ruhusa ya kuiga, ndipo mashine ya mtindo wa zamani ikashushwa hadi dola 1. Ule ujanja wa kishikio rahisi na nyembe ghali ulikuja kukomaa baadaye, kilipoingia kichwa cha plastiki kisichoingia kwenye kishikio cha mtu mwingine. Kikaanza na makali mawili yanayofuatana upande mmoja mwaka 1971, yakawa matatu mwaka 1998, yakawa matano mwaka 2006. Wembe wa karatasi wenyewe haukuacha kutengenezwa, na umbo lake ni lilelile, ndiyo maana mashine aliyoacha babu bado inaula wembe wa leo bila kinyongo.

Sasa turudi kwenye kifo cha wembe. Makorora kuna kinyozi mmoja mtu mzima, wa tangu enzi za mkasi na kitana, ambaye mazungumzo ya timu yetu ya mpira, Coastal Union, yakimalizika husemeshwa lolote akajibu. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwuliza ni nini hasa kinachoumaliza wembe.

“Maji, mwanangu.”

“Siyo ndevu, mzee?”

“Ndevu ni unywele. Unywele unaweza chuma? Wewe wembe wako unaulaza na maji usiku kucha, asubuhi unamsingizia mwenye duka.”

Nilitoka pale nimeridhika, mpaka nikakutana na habari ya watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani, Gianluca Roscioli na wenzake, waliochapisha kazi yao katika jarida la Science mwaka 2020. Walijiuliza swali la mzee wangu: chuma cha wembe ni kigumu kama mara 50 kuliko unywele, sasa unywele unakishindaje? Roscioli alijinyoa, kila mara akaupeleka wembe kwenye hadubini ya elektroni kuangalia makali. Hakuyakuta yameviringika kwa kusuguliwa, alikuta yamemeguka vipande vidogo sana. Unywele umeshikwa upande mmoja tu, kwenye ngozi, kwa hiyo ukiguswa unainama na kukutana na makali kwa mshazari. Pale ambapo chuma hakina ugumu ulio sawa, ukingo wa unywele unaumegua. Kipande kikishamegwa, pengo hilo hurahisisha kumeguka kwingine.

Kwa hiyo unywele unaweza chuma. Lakini sioni kama mzee alidanganya, kwa sababu yeye anazungumzia Tanga. Makali yakimeguka Jumatatu, wembe una saa 48 za kukaa mahali kabla ya Jumatano, na ni saa hizo ndizo tunazozichezea hapa kwetu. Chuma cha nyembe nyingi za leo kina kromiamu, kama asilimia 13, nayo hujitandaza juu kama utando usioonekana unaozuia kutu. Adui wa utando huo ni chumvi. Kloridi iliyomo hupenya sehemu dhaifu na kuchimba vishimo, na sehemu dhaifu kuliko zote ni ncha ya makali. Usisubiri kuona wekundu. Wembe unaweza kung’aa kama sarafu mpya huku ncha yake imeshaliwa.

Maji nayo hayalingani. Ya bomba mjini yanatoka bwawa la Mabayani, katika mto Zigi, na kwa wembe hayana ubaya mkubwa. Visima vilivyo karibu na pwani ni habari nyingine, maji yake ukiyaonja tu unajua. Anayeoga maji ya kisima chenye chumvi na anyoe kwayo kama hana jinsi, lakini kikombe cha mwisho cha kusuuza wembe kiwe cha bomba au cha mvua.

Mimi nikimaliza kunyoa nafungua kichwa cha mashine, natoa wembe, nausuuza pande zote mpaka sabuni na vinywele vitoke, naukung’uta. Taulo siligusishi kwenye makali. Kuyapitisha kitambaani kwa kuyasugua ni kuyaharibu na kujikata kidole kwa mpigo mmoja. Naulaza wembe juu ya kitambaa kikavu, naugeuza, basi. Kisha nauchovya kwenye kifuniko chenye spiriti. Spiriti huondoka na maji yaliyojificha, halafu yenyewe inapaa. Ukikosa spiriti, tone la mafuta mepesi ya watoto linatosha kuufunika usiguswe na hewa. Mafuta ya nazi tunayo tele, ila yakikaa siku nyingi yananata na kuvunda, sasa kama hunyoi kila siku, yaache kichwani. Halafu, na hili ndilo watu wanalolipuuza kuliko yote, wembe usilale bafuni. Masika shati linakaa kambani siku mbili bado bichi. Wembe wako nao uko kwenye hewa hiyohiyo. Upeleke chumbani, kabatini, mbali na mvuke, na mbali na mikono ya watoto, maana ile methali ya mtoto akililia wembe nyumbani kwangu haitumiki.

Wembe mpya ukiufungua unaweza kukuta vidoa vya nta na umande wa mafuta. Hivyo viliwekwa kiwandani makusudi ili usichezecheze kwenye karatasi na usishike kutu njiani. Usivikwangue.

Kuna utunzaji unaofanyika kabla ya wembe kugusa shavu, nao ni bure kabisa. Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowana kwa dakika mbili hadi tatu unalainika sana, na makali hayapati shida. Mwenzako akinyolewa zako tia maji, wenyewe walishasema, ingawa wengi tunatia maji tukiwa tumeshafika nusu ya shavu. Nyoa baada ya kuoga. Povu liwe zito, na hapa watu wa pwani tuna bahati ambayo hatuitumii: sabuni ya mafuta ya nazi. Sabuni nyingine kwenye maji ya chumvi zinakataa kutoa povu, zinaacha utando mweupe tu. Ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya bahari, ndiyo maana mabaharia waliitumia. Huna haja ya kopo la povu la bei ya kuku. Brashi ndogo ya nywele laini itasaidia kuinua ndevu, na kama huna, viganja vyako vinatosha.

Mashine ya chuma ina uzito wake, huo uzito ndio unaonyoa. Anayetoka kwenye plastiki huwa amezoea kukandamiza, na akikandamiza hii anachubuka. Shika mpini mwishoni, laza kichwa mpaka wembe uwe kama nyuzi 30 na ngozi, nenda kwa vipande vifupi ukifuata zinakolala ndevu. Shingoni ndevu hulala ovyo, nyingine zinaelekea sikioni, kwa hiyo papase kwanza kwa vidole. Geuza mashine mara kwa mara ili pande zote mbili za wembe zichoke pamoja. Nimeona mtu akitupa wembe ambao upande mmoja haujawahi kuona ndevu.

Kuhusu kunoa wembe kwenye glasi. Wazee wetu walifanya hivyo, wembe unawekwa ndani ya glasi, unakandamizwa kwa kidole, unasuguliwa kwenye ule mviringo, na wapo wanaoapa kwamba unarudi kama mpya. Wengine siku hizi wanaupitisha kwenye kitambaa cha jinzi. Kwa makali yaliyopinda kidogo inaweza kusaidia. Kwa makali yaliyomeguka, glasi haina cha kuongeza, na ule utando mwembamba wa kulainisha uliopakwa juu ya makali huko kiwandani hauwezi kurudishwa jikoni. Enzi ambazo wembe ulikuwa adimu dukani ilikuwa akili. Leo unaokoa shilingi mia mbili kwa kuweka kidole chako rehani.

Wembe utupwe lini basi? Taasisi ya madaktari wa ngozi ya Marekani, American Academy of Dermatology, inashauri kubadilisha baada ya kunyoa mara 5 hadi 7. Kwa hewa yetu na ndevu zetu naona tano ni nyingi, lakini uso wako utakuambia: siku wembe unapoanza kuvuta badala ya kukata, umekwisha, hata kama ndiyo kwanza unaunyolea mara ya pili. Usiumalizie upande wa kushoto.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu sana sisi wenye nywele za kujikunja. Vile vipele vyeusi vya shingoni na chini ya kidevu, vinavyouma na kuacha makovu, mara nyingi ni ndevu zilizorudi ndani ya ngozi. Unywele uliojikunja ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha yake ikianza kuota inakosa njia, inachoma ngozi kutoka ndani, au inatoka, inapinda na kuingia upya. Vichwa vya makali mengi vinasifiwa kwa jambo hilohilo linalotuumiza: kali la kwanza linauvuta unywele, la nyuma linaukata ukiwa umevutwa, ukirudi unazama. Kali moja lisilokandamizwa linaukata usawa wa ngozi. Kwa hiyo kilicho nafuu mfukoni kimetokea kuwa nafuu shingoni pia, na kusema kweli hiyo sababu ya pili ingetosha hata kama bei zingelingana. Usinyoe kinyume na ndevu, usiivute ngozi kama ya ngoma, na kama vipele vimeshashika, viache vipumzike kwanza, vikizidi mwone daktari. Kuna ngozi ambazo hakuna wembe wowote unaozifaa, wenyewe wanabaki na mashine ya umeme na kuacha ndevu fupi kidogo, wala si aibu.

Wembe wa kukunja, ule wa chuma kimoja wa kinyozi wa zamani, unapendwa na watu wa akiba kwa sababu haununui tena kitu. Ni kweli ukiutunza unakuzika. Lakini unahitaji kinoo laini mara chache kwa mwaka, na mkanda wa ngozi kila kabla ya kunyoa: unaulaza wembe bapa, unautanguliza mgongo, makali yakifuata nyuma, mara 30 au 40. Ukitanguliza makali umekata mkanda na kuharibu wembe. Nyingi za zamani ni za chuma kisicho na kromiamu ya kutosha, kwa hiyo humu Tanga, ukisahau mafuta usiku mmoja, asubuhi kuna madoa. Kwa anayeupenda ufundi, karibu. Kwa anayetafuta nafuu, sioni sababu.

Vinyozi wenyewe wengi wameuacha. Wanatumia mpini wa kukunja unaopokea nusu ya wembe wa dukani: wembe unavunjwa katikati ukiwa bado ndani ya karatasi, nusu kwa mteja huyu, nusu nyingine, mpya vilevile, kwa mteja ajaye. Akiba halali hiyo. Isiyo halali ni nusu moja kwa watu wawili. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha. Kuuchovya wembe kwenye kikombe cha spiriti kati ya mteja na mteja hakuufanyi kuwa mpya. Mwombe kinyozi avunje wembe mbele yako, au beba wako mfukoni ukiwa kwenye karatasi yake. Wa kweli hatakununia. Nyumbani vilevile, baba na mwana wanaweza kutumia mashine moja iliyooshwa vizuri, lakini kila mtu na wembe wake. Haya ya nyembe yanahusu na kwapa, na kichwa cha mtoto siku ya akika, siyo ndevu peke yake.

Ukijikata, shabu. Maduka ya dawa za asili Ngamiani wanayo, kibonge kama sukari guru nyeupe, na kinadumu muda mrefu ajabu. Lowesha, gusisha palipokatika, subiri kidogo, suuza. Inabana ngozi na damu inakatika. Inachoma, ndiyo, na usimwazime mtu. Usiilaze karibu na mashine pia, maji yake yana uchachu na yanakula chuma.

Nyembe zilizokwisha zisitupwe wazi kwenye mfuko wa taka, anayezoa taka ana mikono kama wewe. Toboa mwanya juu ya kopo la bati la maziwa, uwe mdomo wake. Nyumba nyingi za zamani za Marekani ziliwekewa tundu kwenye kabati la bafu, wembe ukitumbukizwa unaangukia ndani ya ukuta, na wanaobomoa kuta hizo leo wanazikuta zimerundikana. Kopo ni bora. Wembe ni mwembamba, kwa hiyo litachukua miaka kujaa. Likijaa lizibe kwa gundi ya karatasi na uandike juu kilichomo kabla ya kulitoa.

Mashine yenyewe, ukienda kununua, usidanganywe na mng’ao. Nyingi za bei rahisi zimetengenezwa kwa chuma laini kilichopakwa rangi ya fedha, na rangi hiyo ikichunika chumvi inaingia. Ishike uone kama ni nzito. Omba wembe, uweke, kaza, kisha uinamie kwa mbele utazame makali yanavyochungulia pande mbili. Yawe sawa. Upande mmoja ukichungulia zaidi, huo utakukata kila siku na hakuna kukaza kutakakouponya. Za vipande vitatu ni rahisi kuosha na hazina kitu cha kuharibika ndani, wakati zile zinazofunguka kama mlango kwa kuzungusha mpini hushika sabuni na kutu kwenye bawaba. Muuzaji akikuambia zote ni sawa, mwombe akufungulie tatu, uchague.